Wifi Imejaa, Intaneti Hakuna

Mwalimu aliyenifundisha hesabu darasa la sita amestaafu, anaishi Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na Jumamosi moja alinipigia simu kabla sijafungua kibanda changu cha kutengeneza kompyuta. "Mwanangu, mtandao umeniulia kompyuta." Nikamuuliza, inawaka? Inawaka. Alama ya wifi iko? Iko, imejaa pomoni. Sasa kilichokufa ni nini? Akanyamaza, kisha akasema maneno ambayo sisi mafundi wa mtaa wa Majengo tunayasikia kutwa kucha: "Hilo ndilo utakalokuja kuniambia wewe."

Nilikwenda. Nitaeleza huko mbele nilichokikuta, maana hitilafu ya Mwalimu ilikuwa tamu kwa fundi: ilianzia mahali pamoja, ikajitokeza mahali pa pili, naye akalaumu mahali pa tatu. Wengi wanaoanza kujifunza teknolojia ya habari hukwama hapo hapo. Wamefunga vitu vitatu fundo moja wakaliita "mtandao": mashine yenyewe, programu zinazokaa ndani yake, na njia inayoiunganisha na mashine nyingine. Lolote likiharibika, basi mtandao uko chini. Ukijua kuvitenga vitatu hivyo, nusu ya ufundi umeshaipata hata kama hujawahi kushika bisibisi.

Sanduku si sipiyu

Shuleni tulifundishwa kusema tarakilishi, na laptopu ni kipakatalishi, neno ninalolipenda kwa sababu ndani yake mna kupakata, kama mtoto. Barabarani kila mtu husema kompyuta na laptopu, nami nitafuata barabara.

Lile sanduku la chuma linalokaa chini ya meza, madukani huitwa "sipiyu". Kijana anakuja kibandani ananiambia sipiyu yake imeungua, kumbe kilichoungua ni pawa saplai, kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani wa volti 240 na kuushusha hadi volti 12, 5 na 3.3. Sipiyu ya kweli, ambayo vitabu huiita kichakata, ni kipande chenye upana wa biskuti kilichojificha chini ya feni kwenye ubao mkuu. Kuliita sanduku zima sipiyu ni sawa na kuiita matatu nzima injini. Mtaelewana, lakini siku ya kununua spea utalia.

Wanafunzi wangu huwa nawapeleka kwa fundi cherehani. Pita Barabara ya Biashara umtazame fundi anayeshona dera. Mikono yake ndiyo kichakata, ndiyo inayofanya kazi yenyewe. Meza iliyo mbele yake ni RAM: hapo pana kitambaa anachokishona sasa hivi, mkasi, uzi, tepu ya kupimia. Kabati la nyuma ni diski: humo mna majora ya vitambaa na nguo za wateja wa wiki nzima. Fundi hashoni nguo ikiwa kabatini. Lazima aitoe, aitandaze mezani. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Programu na faili zinalala kwenye diski, na ili zitumike hunakiliwa kwanza kwenye RAM. Ule muda unaongoja baada ya kubofya, mara nyingi ni fundi anatembea kwenda kabatini na kurudi.

Ukiishika picha hiyo, malalamiko mengi ya kila siku yanajifafanua yenyewe. Umeandika barua kurasa tatu, stima ikapotea, barua haipo. Ilikuwa mezani, na umeme ukikatika kila kilicho mezani hufagiliwa. Kubofya "hifadhi" ni kukitia kabatini. Au mtu ananiambia "memori ya simu imejaa", kisha anataka kujua kwa nini kufuta picha hakukuongeza kasi ya michezo. Alifuta vya kabatini, shida iko mezani. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 500 ni fundi mwenye ghala kubwa na meza ya kukunja. Akifunguliwa kurasa 20 za kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, inabidi kila dakika arudishe kitu kabatini ili apate nafasi ya kingine. Mashine haijaharibika, inahangaika tu.

Kuhusu kabati lenyewe, nina maoni makali kidogo. Diski za zamani zina sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kisindano kinachotafuta data juu yake. Diski za SSD hazina kinachozunguka, ni chipu tupu, kwa hiyo hupata kitu karibu papo hapo. Mteja akiniletea laptopu ya mtumba anayotaka kuitupa kwa sababu inakwenda polepole, humwambia asinunue nyingine kwanza. Tia SSD, ongeza RAM, uone. Wenye maduka jirani hawanipendi kwa hilo.

Kichakata hupimwa kwa gigahezi. Gigahezi 3 ni mapigo bilioni 3 kila sekunde, na katika kila pigo hufanyika jambo dogo mno: kujumlisha namba mbili, kulinganisha hii na ile, kuhamisha thamani kutoka hapa hadi pale. Hakuna zaidi. Kompyuta haina werevu wowote wa kujiongeza. Ina mikono miepesi kupita kiasi, na hufuata maagizo neno kwa neno.

Halafu kuna bahari, ambayo vitabu vilivyoandikwa bara huisahau. Hewa ya Mombasa ina chumvi na unyevu, na chumvi hula shaba. Kompyuta inawaka, feni inazunguka, inalia bipu bipu, skrini nyeusi. Mara nyingi nachomoa ule ubao mwembamba wa RAM, nasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, ile nyeupe ya mwanafunzi, polepole mpaka weusi utoke, napuliza vumbi, narudisha mpaka visikilizike vibanio viwili vikisema "tak". Inawaka. Mteja hukasirika kulipia kazi ya raba ya shilingi kumi. Hajui kuwa analipia kujua wapi pa kusugua.

Herufi M

Ndani ya mashine hakuna herufi wala picha wala wimbo. Kuna hali mbili tu za umeme, ipo au haipo, nasi tunaziandika 1 na 0. Kila moja ya hizo ni biti. Biti nane ni baiti moja, na baiti moja hutosha herufi moja ya alfabeti yetu. M kubwa, kwa makubaliano yaliyowekwa Marekani miaka ya 1960, ni namba 77, na 77 kwa lugha ya mashine ni 01001101. Andika "Mombasa" na umetumia baiti 7, yaani biti 56.

Makubaliano hayo yalifanywa na watu waliokuwa wakifikiria Kiingereza. Pwani hii Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya hizi za Kirumi, na mwanzoni kompyuta haikuwa na mahali pa kuweka mim wala nun. Siku hizi kuna Unikodi, orodha moja kwa maandishi ya dunia nzima. Katika mfumo wake unaotumika sana, herufi ya Kirumi huchukua baiti 1, mim huchukua 2, na kile kikatuni cha kucheka unachokituma kwa simu huchukua 4. Utenzi ule ule ukiandikwa kwa khati ya wazee utakuwa mzito zaidi kwenye diski, ingawa maneno ni yale yale.

Tofauti ya biti na baiti ndiyo inayowaponza wanunuzi wa intaneti. Tangazo linasema "10 Mbps". Ile b ndogo ni biti. Faili zako zinapimwa kwa baiti. Gawanya kwa nane: kasi ya megabiti 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti 1 itachukua sekunde 800, yaani dakika 13 na kitu, tena hapo ni kama hakuna mtu mwingine nyumbani anayetazama mpira. Hujaibiwa na mtu, ni herufi moja tu hukuitazama.

Draiva, lakini si wa matatu

Programu ni maagizo. Kwa fundi wetu, ni karatasi inayosema kata hapa, kunja pale, shona. Ila karatasi hizo zina tabaka, na mwanafunzi akiona tabaka moja tu, ile ya juu, anadhani ndiyo yote.

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, RAM ni tupu na kichakata hakijui hata kama kuna diski. Kitaanza na nini? Kuna chipu ndogo kwenye ubao mkuu yenye programu fupi, wengi bado huiita BIOS ingawa mashine za sasa hutumia mrithi wake. Kazi yake ni kukagua: RAM ipo, kibodi ipo, diski ipo, saa ni ngapi. Kisha inauita mfumo endeshi kutoka kwenye diski na kuukabidhi usukani. Nakuomba ukumbuke kuwa saa imo katika orodha hiyo.

Mfumo endeshi ni Windows, Linux, macOS, na kwenye simu nyingi Android, ambayo moyo wake ni Linux. Huu ndio mwenye nyumba. Anaamua nani akae mezani na kwa muda gani, nani aruhusiwe kufungua kabati, nani azungumze na printa. Programu unazozijua kwa jina, za kuandika barua, za hesabu, za kuvinjari wavuti, ni wapangaji. Hazigusi mashine moja kwa moja. Zinaomba, mwenye nyumba anaamua.

Katikati wapo madraiva. Kila kifaa kina lugha yake: printa ya kampuni hii haisikii amri za ile. Draiva ni mkalimani mdogo wa kifaa kimoja. Umebadilisha mfumo endeshi, kila kitu kinafanya kazi ila sauti haitoki: spika si mbovu, mkalimani wake hakuhamia nyumba mpya. Niliwahi kuletewa spika tatu na mtu mmoja, kila moja amenunua akidhani iliyotangulia ni mbovu. Sikujua nicheke au nimpe chai.

Virusi nazo ni programu, hazina uchawi wowote. Ni maagizo yaliyoandikwa na mtu mwenye nia mbaya. Kwenye saiba zetu inayosumbua sana ni ile ya flashi. Unachomeka, unaona folda zako zimegeuka vialama vyenye mshale mdogo pembeni, unavibofya, na kwa kubofya umeikaribisha. Faili zako bado zimo, zimefichwa tu. Usiformati flashi kwa hasira kabla hujamuuliza mtu.

Posta, bandari na feri

Sasa mtandao wenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Wifi ni redio. Ni mawimbi kati ya mashine yako na ruta, kile kisanduku chenye taa zinazopepesa ambacho kwa Mwalimu kimekaa juu ya friji. Vijistari vya wifi vikijaa, maana yake unamsikia ruta vizuri, basi. Ni kama umesimama mlangoni pa posta. Uko karibu, sawa, lakini hilo halikuambii kama barua zimeingia. Wifi ikijaa na intaneti isiwepo hakuna ajabu yoyote: waya unaotoka kwa ruta kwenda nje unaweza kuwa umekatika barabarani, au hukulipia mwezi, na vijistari vitabaki vimejaa vilevile.

Tukiwa posta, tuseme habari ya anwani. Kila mashine iliyo mtandaoni ina anwani ya namba. Mfumo wa zamani, ambao bado unatumika kote, una anwani za biti 32, jumla kama bilioni 4.3, na watu duniani wamepita bilioni 8, wengi wao wana vifaa viwili vitatu. Zilitoshaje? Kwa ujanja ambao Mkenya yeyote anaujua. Kwetu barua hazigongi mlango. Zinakwenda kwenye sanduku la posta, na sanduku moja linahudumia shule nzima au ukoo mzima. Nje ya bahasha: S.L.P. nambari fulani, 80100 Mombasa. Ikifika, karani wa shule anaangalia jina na kuipeleka darasani. Ruta ndiye karani. Nje ya nyumba dunia inaona anwani moja tu. Ndani, kila simu na kompyuta ina anwani ya kienyeji, mara nyingi inayoanza na 192.168, ambayo haitambuliki nje. Ruta huweka daftari la nani aliuliza nini, jibu likirudi anajua amkabidhi nani. Mfumo mpya wenye biti 128 una anwani za kumwaga, lakini dunia inahamia taratibu sana.

Mizigo inasafirije? Nenda bandari ya Kilindini. Meli haibebi punje za mchele zikiwa huru. Zinapakiwa kwenye makontena, kila kontena lina namba, na mwenye winchi hana haja ya kujua ndani mna nini. Mtandao hukatakata kila kitu kuwa pakiti, na katika mitandao ya kawaida pakiti haizidi baiti 1,500. Picha ya megabaiti 3 unayomtumia shangazi Lamu inakatwa vipande zaidi ya 2,000. Kila kimoja kina anwani ya kilikotoka na kinakokwenda, na namba yake ya mfuatano. Vinaweza kupita njia tofauti, vinaweza kufika nyuma mbele, vingine kupotea njiani. Upande wa pili kuna karani wa makontena: anahesabu, anapanga, na akiona namba 714 haipo, anaagiza itumwe tena. Utaratibu huo wa kuhesabu ndio TCP, na ule wa anwani ndio IP. Vint Cerf na Bob Kahn waliuchapisha msingi wake 1974, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET wa Marekani ukahamia rasmi kwenye TCP/IP. Tunaitumia mpaka leo.

Simu za sauti kwa kawaida hazitumii karani huyo. Ukisema "habari" na kipande cha "ba" kikapotea, hakuna faida kukileta sekunde mbili baadaye katikati ya neno lingine. Kinaachwa. Ndiyo sababu kwenye laini mbovu ujumbe wa maandishi hufika mzima, ukichelewa, lakini mama yako anasikika kama anaongea ndani ya mtungi.

Halafu majina. Mgeni akiuliza njia Mji wa Kale hakuna atakayempa namba ya nyumba. Ataambiwa ukifika Msikiti wa Mandhry fuata ukuta. Watu hukumbuka majina, mashine hutaka namba, kwa hiyo lazima pawe na wa kutafsiri. Huyo ni DNS, aliyebuniwa na Paul Mockapetris 1983. Unaandika jina la tovuti, kompyuta inauliza DNS namba yake, ndipo safari inaanza. Majina yanayoishia na .ke yamekuwepo tangu 1993. DNS ikilala, mambo yanakuwa ya ajabu: njia ni nzima, mitambo yote ni mizima, lakini hakuna anayejua nyumba ya mtu.

Na tafadhali, intaneti na wavuti ni vitu viwili. Intaneti ni barabara. Wavuti, uliobuniwa na Tim Berners-Lee alipokuwa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, mwaka 1989, ni aina moja tu ya gari linalopita humo. Google nayo ni duka lililo kando ya barabara. Mtu akiniambia "Google yangu imekatika", huwa namwomba anionyeshe kwa kidole.

Kasi ndiyo inayochanganya kuliko yote, nami sijapata mfano mzuri kuliko kivuko cha Likoni. Kuna maswali mawili tofauti pale. Feri inabeba watu wangapi kwa mpigo? Na safari ya kuvuka ni dakika ngapi? Ukiongeza feri ya tatu, watu wengi zaidi watavuka kwa saa moja, lakini wewe uliye ndani ya feri hufiki upesi hata kwa sekunde. Matangazo ya intaneti yote yanahusu swali la kwanza, ukubwa wa feri. Mikutano ya video na michezo ya mtandaoni huumia zaidi kwa swali la pili, muda wa kuvuka.

Historia ya mji huu inaonyesha hilo vizuri. Kabla ya 2009, intaneti ya Kenya kwenda ng'ambo ilitegemea satelaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali linapanda, linashuka Ulaya, jibu linapanda, linashuka kwetu: zaidi ya kilomita 140,000, na mwanga ukienda kilomita 300,000 kwa sekunde hiyo ni karibu nusu sekunde kabla hujahesabu kingine chochote. Hakuna pesa inayoweza kuipunguza. Juni 2009 waya wa TEAMS ulitua Mombasa ukitoka Fujairah, Falme za Kiarabu, karibu kilomita 5,000 za sakafu ya bahari. Waya mwingine, SEACOM, ukaanza kazi Julai mwaka huohuo, EASSy 2010, LION2 2012. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mpaka Fujairah ni milisekunde 25 tu. Mwanga huenda polepole zaidi ndani ya kioo, lakini njia ni fupi. Satelaiti mpya za chini, kama za Starlink zinazoruka kilomita 550 hivi, zimerudisha suala la anga kwa sababu hiyohiyo: wamesogeza ng'ambo ya kivuko karibu.

Waya hizo kwenye kina kirefu si nene kuliko mpira wa kumwagilia bustani. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari yetu ilitia nanga pasiporuhusiwa, ikaukata TEAMS. Mei 2024 EASSy na SEACOM ziliharibika kusini, upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na huku kwetu kurasa zikaanza kujikokota. Siku kama hizo, ndiyo, mtandao uko chini kweli. Lakini siku hizo ni chache, na mimi naambiwa mtandao uko chini kila asubuhi.

Juu ya friji ya Mwalimu

Tumerudi Kibokoni. Kompyuta inawaka, mfumo endeshi umefunguka, kwa hiyo mashine na mwenye nyumba wako macho. Nikafungua kile kidirisha cheusi cha amri nikaandika ping na anwani ya ruta, 192.168.1.1. Ping ni kugonga mlango na kungoja jibu. Ruta akajibu kwa milisekunde 2. Wifi ni nzima. Nikagonga 8.8.8.8, mtambo wa Google ulio nje ya nyumba. Ukajibu. Waya wa nje ni mzima, bili imelipwa. Nikagonga tena, sasa kwa jina la tovuti badala ya namba. Ikajibu. DNS nayo nzima. Amri tatu, dakika moja, na mtandao wote nimeshautoa lawamani.

Nikafungua kivinjari. Kila tovuti, pembetatu nyekundu na maneno marefu, ukurasa haufunguki. Nikatazama pembe ya chini ya skrini. Ilikuwa saa mbili asubuhi, tarehe 1 Januari 2013.

Kila tovuti ya siku hizi yenye alama ya kufuli huonyesha cheti cha kuthibitisha kuwa ni yenyewe, na cheti hicho kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, kama stika ya bima kwenye kioo cha gari. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta. Kwa kompyuta ya Mwalimu, vyeti vyote vya dunia vilikuwa vya miaka ambayo haijafika, yaani vya kughushi. Kikakataa, na kilikuwa na haki. Saa yenyewe hutunzwa na betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu, CR2032, ya volti 3. Mashine ikichomekwa ukutani betri haitumiki sana. Mwalimu, kwa kuogopa umeme unaopanda na kushuka, huchomoa kila kitu usiku. Betri ilikuwa imekufa, na vibanio vyake vimeota ukungu wa kijani wa chumvi. Kila asubuhi kompyuta iliamka ikiwa katika mwaka wa 2013.

Nikamtuma mjukuu wake kwa fundi saa. Nikasugua vibanio kwa raba, nikaweka betri mpya, nikarekebisha tarehe. Kurasa zikafunguka. Nilipokuwa nafunga skrubu nikamwambia, "Mwalimu, lakini ule ujumbe ulikuwa unasema wazi kabisa kwamba saa yako iko nyuma. Wewe si unajua Kiingereza kuniliko?"

"Ulikuwa mwekundu," akasema. "Miaka 30 nimekosoa vitabu kwa wino mwekundu. Nilipouona nikajua nimekosea, nikaufunga haraka kabla mke wangu hajauona."